Mashini inaporuka mishono

Juma lililopita mashini ya miguu ya kikundi chetu ilianza kuruka mishono, na mashati meupe ya watoto yalingojewa kabla ya masomo kuanza. Fundi mmoja alituambia ndoano imekufa, tununue ingine. Pesa hatukuwa nazo, basi tukaifungua wenyewe.

Ndoano ni kile chuma cha chini, chenye kuzungukia bobini. Sindano ikishuka mpaka mwisho kisha ikaanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo ubavuni mwake. Hapo ncha ya ndoano inapaswa kupita karibu sana na sindano, juu kidogo ya tundu, ikamate kile kitanzi. Ikikosa, hakuna mshono.

Tulizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, macho chini. Ncha ilipita mbali juu ya tundu. Kumbe mmoja wetu alipobadili sindano hakuisukuma mpaka juu! Tulilegeza visi, tukaipandisha, upande wake bapa ukielekea ndoano, tukafuta vumbi la nyuzi na kutia tone la mafuta.

Kisha tulining'iniza kikopo cha bobini kwa uzi wake. Kikianguka chenyewe, kimelegea. Kisiposhuka hata ukikitikisa, kimebana mno. Chetu kilianguka, tukakaza visi yake ndogo kidogo tu.

Ikiwa sindano ni mpya, imekaa vizuri, na bado mashini inaruka, hapo mwiteni fundi.

Mashati yalimalizika Jumamosi. Vifungo tu ndivyo bado.