Bustani za Wanyama ni Ghala ya Mbegu

Mkulima wa Matiliku akitoka alfajiri kwenda kupalilia mahindi na mbaazi zake, hana haja ya kuogopa kifaru. Haikuwa hivyo zamani. Watu wa kwanza waliohamia sehemu za Makueni baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja katika nchi ya vichaka, mbung'o na vifaru. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, mwindaji wa Serikali, Bwana J. A. Hunter, aliua vifaru 996 katika nchi hiyo, ili vichaka vifyekwe na Wakamba waliokosa ardhi ya kutosha wapate mashamba. Wakati ule vifaru walikuwa wengi mno, hata ilikuwa vigumu kwa mtu kufikiri kwamba siku moja watahesabiwa mmoja mmoja.

Siku hiyo ilikuja. Yakadiriwa kwamba mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Wawindaji haramu waliwaua kwa ajili ya pembe, na kufika mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Ndipo walionusurika walipokusanywa katika hifadhi zenye ulinzi mkali, kama ile ya Ngulia katika Tsavo Magharibi, iliyoanzishwa mwaka 1986. Kwa ulinzi huo, kufika mwisho wa mwaka 2022 Kenya ilikuwa na vifaru weusi zaidi ya 900.

Lakini ulinzi wa mbugani peke yake hautoshi kila mahali. Kuna nchi ambamo vifaru waliangamizwa wote, au walibaki wachache sana hata wakawa ndugu wa damu moja. Hapo ndipo inapoonekana faida ya bustani za wanyama. Watu wengi hudhani kwamba bustani hizo ni mahali pa kuwafurahisha watoto siku za mapumziko, basi. Kumbe zina kazi nyingine mbili zilizo kubwa zaidi, nazo ni kutafuta elimu na kuweka akiba.

Kwanza elimu. Kifaru mweusi ni mnyama mkali, apendaye kujificha vichakani. Si rahisi kumfuata kila siku ili kujua amepandwa lini, ameugua nini, au hula kiasi gani. Katika bustani huangaliwa tangu kuzaliwa hata kufa, na kila jambo huandikwa. Kwa njia hiyo ilijulikana barabara kwamba jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 15 hivi, naye huzaa ndama mmoja tu. Wataalamu pia wamejifunza kupima kinyesi cha jike ili kujua kama ana mimba, pasipo kumgusa wala kumlaza kwa dawa. Elimu kama hiyo huwafaa hata walinzi wa wanyama walio mwituni.

Pili akiba. Mkulima mwenye busara hali mahindi yote aliyovuna. Huchagua magunzi mazuri akayatundika juu ya moshi, yawe mbegu ya mwaka ujao. Bustani nazo hufanya vivyo hivyo. Hushirikiana kuandika kitabu cha ukoo, kinachoonyesha baba na mama wa kila mnyama, ili ndugu wasipandane. Vifaru waliokamatwa Afrika Mashariki miaka mingi iliyopita wamezaa huko Ulaya, na baadhi ya uzao wao umerudishwa. Mwaka 2009 vifaru weusi watatu kutoka bustani ya Dvůr Králové, nchini Ucheki, waliletwa Mkomazi, Tanzania, mahali panapopakana na Tsavo. Mwaka 2019 wengine watano, kutoka bustani za Ucheki, Denmark na Uingereza, walipelekwa Akagera, Rwanda, kuongeza damu mpya katika kundi la huko.

Kuwarudisha si kufungua mlango wa sanduku tu. Kifaru aliyezaliwa Ulaya hajapata kuumwa na mbung'o. Kama vile ng'ombe wa gredi akipelekwa ghafula katika nchi yenye mbung'o, anaweza kufa. Kwa hiyo huwekwa kwanza katika boma, akazoezwa polepole majani ya nchi na wadudu wake.

Tena akiba ina mpaka wake, na kifaru mweupe wa kaskazini ni ushahidi. Mwezi wa Desemba 2009 bustani hiyo hiyo ya Dvůr Králové ilileta wanne wa aina hiyo Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, ikitumaini kwamba watazaa katika hewa ya Afrika. Hawakuzaa. Dume mmoja, Suni, alikufa mwaka 2014, na mwenzake, Sudan, mwaka 2018. Wakabaki Najin na binti yake Fatu, wala hakuna kati yao awezaye kubeba mimba. Tangu mwaka 2019 wataalamu wamechukua mayai yao na kuyaunganisha na mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali, kama zile ambazo daktari wa mifugo huwaletea wenye ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2023 walijaribu kuweka mimba changa ya kifaru mweupe wa kusini katika tumbo la jike wa aina yake. Mimba ilishika, lakini jike akafa kwa ugonjwa mwingine, akakutwa na kijusi cha siku 70. Ilikuwa hasara, ila njia ilikwisha kujulikana.

Tofauti ya aina hizi mbili ni funzo kubwa. Mweusi aliwekewa akiba wakati mbegu zingali nyingi, tena mbuga yake ikalindwa. Mweupe wa kaskazini alikumbukwa wakati ghala na shamba vyote viwili vilikuwa vitupu. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini hakuna mkulima wa Matiliku asiyejua kwamba mbegu iliyo ghalani haimfai mtu asiyekuwa na shamba la kuipanda.