Uungwana: wa kuzaliwa au wa vitendo?

Watoto wetu wanaosoma Kiingereza hapa Maskati hukutana na msemo "to the manor born", yaani aliyezaliwa katika jumba la mabwana, mwenye ukubwa wa kurithi. Asili ya msemo huo ni sikio kusikia vingine. Katika tamthilia ya Hamlet, ya karibu mwaka 1600, Shakespeare aliandika "manner", yaani desturi: Hamlet anasema desturi za kwao amezaliwa nazo. "Manner" na "manor" hutamkwa sawasawa, basi desturi ikageuka jumba. Mwaka 1979 BBC ilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha wenye jina hilo la jumba.

Kiswahili kimekwenda kinyume chake, tena si kwa kosa la sikio. Zamani Unguja, muungwana alikuwa kwanza mtu huru wa kuzaliwa, asiye mtumwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba. Neno halikufa. Leo ukimwita mtu muungwana unasifu adabu yake: mkweli, mpole, akikosea huomba radhi. Kiingereza kilitoka kwenye desturi kikaingia jumbani. Sisi tulitoka kwenye nasaba tukafika kwenye tabia.

Hata hivyo, posa ikija, baadhi yetu bado tunauliza "mtoto wa nani?" kabla ya kuuliza "ana tabia gani?" Jibu wazee walishatuachia: uungwana ni vitendo.