Nyumba ya kupangisha ukiwa mbali: karatasi, mutu na hesabu

Ku bureau ya sendika, watu hawakuji tu juu ya mushahara na saa za poste. Wanakuja pia wafanyakazi wenye akiba kidogo, ama wenye kungojea dekonti ya mwisho, na kutuuliza: tununue kiwanja Lubumbashi, tujenge, tupangishe? Kazi yao iko Kolwezi ama Fungurume. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300. Haiko safari ya kufanya kisha poste ya usiku, kuangalia kama paa inavuja.

Jibu letu: wazo ni zuri, kwani kazi ya mine haina ahadi. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa ile waliita « départ volontaire ». Mwisho wa 2008, bei ya shaba ilianguka na kampuni nyingi za Katanga zikasimamisha kazi. Mu 2025 Serikali ilisimamisha kuuzisha kobalti inje. Siku kama zile, mwenye nyumba yenye kuingiza feza, hata kidogo, anapata pa kuegemea.

Lakini nyumba ya mbali inaomba mambo matatu mbele ya tofali la kwanza: karatasi, mutu, na hesabu.

Karatasi

Udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Ndivyo sheria ya 20 Julai 1973 inasema. Sisi raia tunapewa haki ya kuutumia, na haki ile inaonekana mu karatasi moja: « certificat d'enregistrement », yenye kutolewa na conservateur wa titres immobiliers. Fiche ya shefu wa kartie, livret de logeur ya wazee, ama barua ya kuuzisha yenye kusainiwa mbele ya mashahidi wawili, zote zinasaidia kuanza njia. Hazimalizi njia.

Basi chukua siku za konje, uende wewe mwenyewe. Usitume komisionere: yeye anakula siku ya kuuzisha, kisha pale hautamuona tena. Uliza ku bureau ya titres kiwanja kiko kwa jina la nani, na kama kiko mu deni ama mu kesi. Omba watu wa kadastre wakuonyeshe mipaka. Ongea na jirani wa kuume na wa kushoto. Wao njo wanajua kama kiwanja kimekwisha kuuzishwa mara mbili. Na andika jina lako, si la ndugu yako « juu yeye iko karibu ». Karatasi ikibeba jina lake, mbele ya tribinali nyumba ni yake.

Mutu

Hapa njo wengi wanaumia. Mutu anaachia ndugu nyumba bila mapatano. Mwezi wa kwanza, feza inafika yote. Mwezi wa tatu, mutoto alikuwa mugonjwa. Mwezi wa sita, simu haijibiwi. Tunaanza kusema ndugu ni mwizi.

Tuulize kwanza: tulimulipa ngapi? Sisi wa sendika tunakataa kampuni ifanyishe mutu kazi bila kontra na bila mushahara. Hatuwezi kugeuka na kufanyia mutoto wa dada yetu jambo lile lile. Mwenye kuchunga nyumba yako ni mufanyakazi. Kama haumulipi, atajilipa, na hautajua ni ngapi.

Kwa hiyo andikeni karatasi moja, hata ya ukurasa mmoja. Iseme kazi yake, feza yake na tarehe ya kumulipa. Iseme pia mwisho wa feza anaweza kutumia bila kukuuliza: kwa mufano dola 20 kwa kufuli ama kwa robine, kupita pale, anakuita kwanza. Feza ya nyumba isipite mu mikono yake. Mupangaji aitume moja kwa moja ku namba yako, kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, na message inabakia kuwa ushuhuda kwa wote wawili. Kila mwisho wa mwezi anakutumia picha: paa, kuta, choo, kontere ya umeme.

Wakati wa kujenga, mwenye kununua simenti asiwe tena mwenye kuhesabu mifuko. Na panga safari yako mwezi wa tano, mvua ikikwisha. Alama za maji ku plafon zingali zinaonekana, na uko na kiangazi chote cha kutengeneza.

Hesabu

Watu wanahesabu hivi: dola 150 kwa mwezi, mara 12, ni 1 800. Tuhesabu tena. Weka miezi miwili nyumba ikiwa wazi: unatosha 300. Mwenye kuchunga, dola 15 kwa mwezi: 180. Matengenezo: 200. Safari mbili zako: 100. Inabakia 1 020, ni kusema dola 85 kwa mwezi. Na pale hatujatosha kodi ya Serikali juu ya feza ya nyumba, yenye kulipwa ku province. Uliza kiasi cha mwaka huu ku DRHKAT kwa Haut-Katanga, ama ku DRLU kwa Lualaba. Kama nyumba ilikula dola 15 000, itakuwa karibu miaka 15 mbele ya feza yako kurudia. Mwenye kukopa kwa riba kubwa ili ajenge, afanye hesabu hii mbele ya kusaini.

Garantie nayo si faida. Sheria ya 31 Desemba 2015 inakataza kuomba kupita miezi mitatu kwa nyumba ya kulala, na feza ile utairudisha siku mupangaji anatoka, kama hakuharibu kitu wala kuacha deni. Iweke pembeni. Kontra ya mupangaji iandikwe, ipite ku service ya habitat ya komini. Na mbele ya kumuachilia atoke, uone fakture za SNEL na za Regideso zimelipwa.

Mama ajue

Neno la mwisho ni kwa familia. Kazi yetu ni ya hatari. Tumeona wajane wenye kufukuzwa mu nyumba juu karatasi zilikuwa kwa shemeji, na hakuna mutu alijua namba ya mupangaji. Ndoa iandikwe ku komini. Mama wa nyumba awe na kopi ya kila karatasi, ajue nani analipa, ngapi, na tarehe gani. Watoto wakubwa nao wafike mara moja ku kiwanja, majirani wawatambue.

Mbele ya kutoa feza, leta karatasi kwa delege wa sendika wako, muzisome pamoja. Haulipi kitu. Na kama muuzaji anakuambia ulipe leo leo juu kuko mwingine anangojea, mwache yule mwingine anunue.