Michezo ya Watoto Wadogo Siku ya Karamu

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni michezo ya watoto wadogo, ichezwayo nje siku ya karamu.

Fikirini siku ya arusi au ubatizo. Watu wazima wamekaa kivulini, wanakula na kuzungumza. Je, watoto wako wapi? Wengine wanazunguka karibu na moto wa jikoni. Wengine wamekwenda mtoni, wala hakuna aliyewaona. Nanyi mkaao karibu na Mto Mara mnajua kuwa una mamba. Hapo ndipo karamu hugeuka kilio. Basi tuwapangie watoto mchezo, na mtu mzima mmoja akae nao.

Kwanza, tazameni uwanja. Ondoeni vipande vya chupa, mawe, na miiba ya migunga. Kwenye vilima vya Tarime, chagueni mahali palipo sawa, ili mpira usiteremke bondeni. Waambieni watoto wasijifiche katika majani marefu, maana huenda mna nyoka.

Mchezo wa kwanza ni kombolela. Wekeni katikati kopo tupu lisilo na makali. Mtoto mmoja ni mlinzi. Mwenzake hulipiga kopo teke likaenda mbali. Mlinzi anapolifuata na kulirudisha mahali pake, wenzake hujificha. Kisha huwatafuta. Akimwona mmoja, humtaja jina na kukimbia kuligusa kopo. Huyo amekamatwa. Lakini aliyejificha akiwahi kulipiga kopo teke, wote waliokamatwa huwa huru. Hivyo mtoto hujifunza kumwokoa mwenzake.

Mchezo wa pili ni rede. Fungeni mpira wa matambara, usiwe mgumu. Watoto wawili husimama wakitazamana, na kati yao ziwe hatua kumi hivi. Wenzao hukaa katikati. Wale wawili hurusha mpira, na wa katikati huukwepa. Kwa desturi, aliyepigwa hutoka. Lakini mtoto wa miaka minne akitolewa mapema, hukaa kando akilia. Kwa hiyo tubadili kanuni kwa ajili ya wadogo: aliyepigwa achukue nafasi ya aliyemrushia. Hivyo hapana atokaye.

Sasa tazameni pembeni ya uwanja. Yuko msichana wa miaka minane, amembeba mdogo wake mgongoni. Anawatazama wenzake, lakini hachezi. Mama, mpokee mtoto. Baba, nawe waweza kumpokea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki hiyo si ya wavulana peke yao. Hata nusu saa ya kukimbia ni kitu kikubwa kwa msichana huyo.

Jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Tuondoe nini uwanjani kabla ya mchezo?
2. Katika kombolela, waliokamatwa huwekwaje huru?
3. Kwa nini tumebadili kanuni ya rede?
4. Katika karamu iliyopita kwenu, ni mtoto gani hakucheza? Kwa nini?

Swali la nne lizungumzeni pamoja darasani. Kwa herini.