Karti-meri ikiungua, Windows inaenda nayo?

Huku Mulongo, pembeni ya Lualaba, kompyuta nyingi zinakufa kwa sababu ya umeme wa jenereta. Unapanda, unashuka, na siku moja karti-meri inaungua, ile plaki kubwa ambayo vyote vya ndani vinashikamana nayo. Fundi anaagiza ingine Kamina ao Lubumbashi, anaifunga, mashini inawaka, watu wanafurahi. Kisha siku chache, chini ku kona ya ekra, maneno yanatokea: «Activer Windows».

Hapo njo mabishano yanaanza. Mwenye mashini anasema fundi amemwibia. Fundi anasema Windows ile ilikuwa ya wizi tangu zamani. Mara nyingi hakuna mwizi kati yao.

Windows haiuzwe kama jembe. Kile unalipia ni lisansi, ni kusema ruhusa ya kuitumia. Toka Windows XP, mwaka 2001, Microsoft inataka mashini yenyewe ijitambulishe. Na toka Windows 8, mwaka 2012, viwanda vinavyotengeneza kompyuta vinaandika ufunguo wa ruhusa ndani ya karti-meri. Lisansi ya namna hiyo, inayokuja na mashini toka kiwandani, inaitwa OEM. Kuna ingine, ya «détail», ambayo mutu anajinunulia peke yake. Hiyo unaweza kuihamisha kwenye mashini ingine, mradi ile ya kwanza isiitumie tena. Kule Marekani Windows 11 Home inauzwa dola 139. Kila mutu ahesabu mwenyewe hiyo ni siku ngapi za kazi shimoni.

Sisi watu wa migodi tunaelewa vizuri mambo ya kadi. Kadi ya muchimbaji mudogo inaandikwa jina la mutu, kwa mwaka mumoja. Sepetu ikivunjika, unanunua ingine na unarudi kazini na kadi ile ile. Lisansi ya OEM ni kadi iliyoandikwa ku mupini wa sepetu. Iko ndani ya mukataba, ndiyo, lakini nani kati yetu alisoma ule mukataba mbele ya kubonyeza «Accepter»?

Tusiseme uongo, mulango mumoja uko. Kwa kanuni za Microsoft, karti-meri ikiharibika na ukaweka ya aina ile ile, ao ile kiwanda kinaikubali kuwa sawa nayo, lisansi haipotei. Ukibadilisha kwa kutaka nguvu zaidi tu, mashini inahesabiwa kuwa mupya. Shida ni kwamba kompyuta haijui kwa nini ulibadilisha. Na mutu aliyenunua mashini ya okazyo sokoni, garanti ataidai kwa nani?

Katika ofisi ya sendika yetu kompyuta ni moja. Ndani yake muko majina ya wanamemba, makotizasio, na ripoti za ajali: nani aliumia, siku gani, nani aliahidi kulipa matibabu. Ilipowekwa karti-meri ingine, kijana mumoja akatuletea «dawa», programu ndogo ya kudanganya Windows. Sharti la kwanza: zima antivirusi. Ni kama mutu anayesema, fungua mulango, fukuza mbwa, mimi nitalinda nyumba. Programu za namna hiyo zimekutwa mara nyingi na virusi vya kuiba maneno ya siri. Tulikataa. Ripoti ya ajali ikipotea, mujane hana tena kitu cha kuonyesha.

Tena hakuna haraka. Windows bila lisansi haifuti kitu. Inakunyima kubadilisha rangi na picha ya ekra, inakusumbua na maneno yake, lakini karatasi zako ziko, unaweza kuzikopi ku diski ingine kwa utulivu.

Mbele fundi hajafungua sanduku, kama mashini ingali inawaka, andika «cmd», kisha slmgr /dli. Utaona OEM ao RETAIL. Ikiwa RETAIL, iunganishe kwanza na konti yako ya Microsoft. Kisha kazi, ku ukurasa wa «Activation», utaonyesha kwamba ulibadilisha kifaa. Mega kidogo za simu zinatosha. Kubadilisha diski ao memwari peke yake, kwa kawaida, hakuna shida. Na bei ya fundi iseme wazi: na lisansi, ao bila?

Sisi tuliweka Linux Mint, ambayo haina lisansi ya kununua, na LibreOffice. Hii ni mutoto wa OpenOffice, ile ile ambayo wandugu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004. Printa ilitusumbua wiki nzima. Formulere moja ya Excel tunayotumiwa inafunguka mishale-mishale, hiyo tunaijaza kwa mukono. Makotizasio yote yako ndani, na daftari ya karatasi tumeiacha palepale ku kabati.