Fyuzi Hulinda Waya: Umeme wa Ndege Zijengwazo Majumbani

Katika vilima vya Masisi, ambako malisho ya ng'ombe hupanda hadi kileleni na barabara ya kuelekea Sake na Goma hugeuka tope kila mvua inaponyesha mfululizo, kijiji cha Lushebere hupata umeme kwa njia ya vijiji vingi vya Kivu Kaskazini: paneli ya jua juu ya bati, betri ya volti 12 chini ya meza, na nyaya zilizotandazwa ukutani na kijana aliyejifunza kazi hiyo kwa kuwatazama wenziwe. Kijana huyo, pengine pasipo kujua, ameshika mikononi mwake umeme wa jinsi ile ile itumikayo katika ndege ndogo ambazo watu binafsi hujijengea majumbani. Kwani aghalabu ndege hizo nazo hubeba betri ya volti 12, ambayo alteneta huichaji kwa volti 14 hivi injini inapozunguka, na hatari inayozinyemelea nyaya za Lushebere ndiyo hiyo hiyo inayozinyemelea nyaya zilizofichika nyuma ya dashibodi ya rubani.

Ndege si kitu kigeni kwa watu wa upande huo. Baada ya madini ya kasiteriti kuvumbuliwa Bisie, katika eneo la Walikale, mwaka 2002, ndege za mizigo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami pale Kilambo, zikapakia magunia na kuyapeleka Goma. Lakini hizo zilitoka viwandani, ilhali ninazozitaja hapa hutoka mikononi mwa mtu mmoja na jamaa zake. Huko Marekani, ambako Paul Poberezny aliasisi chama cha wajenzi wa jinsi hiyo mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, sheria humruhusu raia kuunda ndege yake mwenyewe maadamu sehemu kubwa ya kazi ameifanya kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha, na makumi ya maelfu ya ndege zimekwisha kuundwa hivyo. Afrika Mashariki nayo imepata wathubutu wake: mwanzoni mwa miaka ya 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya, alijulikana kwa kujijengea ndege nyumbani, akaitia injini ya gari la Toyota.

Ni hiyo injini ya gari inayolifanya suala la nyaya kuwa suala la uhai. Injini za kale za ndege hutumia magineto, yaani kifaa kinachozalisha cheche zake chenyewe kwa mzunguko wa sumaku, hata betri ikifa na nyaya zote zikikatwa injini huendelea kuzungusha rafadha. Injini ya gari haina bahati hiyo: cheche zake, pampu yake ya mafuta na kompyuta inayoiongoza vyote vinakula kwa betri moja, na kwa hiyo fyuzi moja iliyochaguliwa vibaya yaweza kuizima injini angani kana kwamba mtu ameizima kwa ufunguo. Mjenzi mwenye hadhari hutenga njia mbili za umeme zisizotegemeana kwa ajili ya injini, kila moja na fyuzi yake, kisha redio, taa na saa za dashibodi huzipa njia ya tatu, ili taksiri ya redio isiiadhibu injini.

Sasa tufike kwenye asili ya jambo, ambayo wengi huikosea. Watu hudhani kwamba fyuzi huwekwa ili kuilinda redio, au simu, au televisheni, nayo sivyo. Fyuzi huulinda waya. James Prescott Joule alibainisha katika mwaka 1841 kwamba joto linalozaliwa ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, maana yake mkondo ukiongezeka mara mbili joto huwa mara nne, na ukiongezeka mara kumi joto huwa mara mia. Tuchukue waya wa shaba wenye mkato wa nusu milimita ya mraba, unaopatikana dukani popote. Ukipitisha ampea 5, kila mita yake hutoa joto lisilotimia wati moja, wala mkono hauhisi kitu. Ukipitisha 20, hutoa wati 14, na ganda la plastiki huanza kulainika. Lakini ganda hilo likichubuka kwa kusuguana na ukingo wa bati, waya ukagusa mwili wa ndege na kupiga shoti, betri nzima humiminika humo: kwa ampea 200 kila mita hutoa wati 1,400, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa ndani ya fungu la nyaya, karibu na tangi la mafuta.

Kwa sababu hiyo mjenzi huanza na waya, si na kifaa. Hutazama mzigo unaohitajiwa, huchagua waya uwezao kuuchukua pasipo kupata moto, kisha huweka fyuzi itakayokatika kabla ya waya huo kuungua. Tena huiweka pale umeme unapoanzia, karibu kabisa na kipande cha shaba kinachougawa, kwa kuwa kila sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Waya mnene wa stata, unaobeba mamia ya ampea kwa nukta chache, kwa kawaida hauwekewi fyuzi hata kidogo, na ndiyo maana mjenzi huweka karibu na betri swichi kubwa ya sumaku, ambayo rubani aweza kuikata akiwa kitini.

Yule anayeondoa fyuzi ya ampea 5 iliyokatika akaweka ya 20, au akaiviringia uzi wa shaba, ameufanya waya wenyewe kuwa fyuzi, nao utakatika kwa kuwaka. Nimeona desturi hii ikitendwa kwa nia njema, na kila mara huniuma, kwa kuwa mtendaji huamini ametengeneza kitu. Kurudisha umeme pasipo kutafuta chanzo cha kasoro ni kosa la ukoo huo huo: katika mji wa Sanford, jimboni Florida, tarehe 10 Julai 2007, ndege ya aina ya Cessna 310 iliwaka moto angani ikaanguka juu ya nyumba, wakafa watu watano, wawili ndani ya ndege na watatu chini. Siku moja kabla, rubani mwingine alisikia harufu ya kuungua, akaivuta breka ya rada, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, harufu ikatoweka, naye akaandika kasoro hiyo. Ndege iliruhusiwa kuruka kesho yake pasipo kutengenezwa, na wachunguzi waliona yaelekea breka ile ilirudishwa mahali pake.

Breka nayo ina mipaka yake. Ndani yake mna kibamba cha metali mbili zinazotanuka kwa kadiri tofauti, kikipata joto hupinda na kukata njia. Basi huchukua muda, na hutambua wingi wa mkondo tu. Waya uliochubuka huweza kurusha cheche za hapa na pale, kali za kuwasha kitambaa lakini fupi mno kuiamsha breka. Ndege ya Swissair iliyoanguka pwani ya Nova Scotia tarehe 2 Septemba 1998 na watu 229 yaelekea iliwashwa na cheche za namna hiyo juu ya dari ya marubani, zikashika mablanketi ya kuzuia joto na baridi. Dhidi ya adui huyu hapana fyuzi ifaayo. Kinga ni waya wenye ganda gumu lisiloshika moto kwa urahisi, kama lile la Tefzel, badala ya plastiki ya kawaida ambayo ikiungua hutoa moshi wa sumu, na kila tundu la bati nyaya zinamopita kuvikwa pete ya mpira.

Kosa jingine linaloonekana dogo ni kiungo kilicholegea, ambacho huzaa joto mahali pamoja ilhali fyuzi haioni ziada yoyote. Hili fundi wa Lushebere aweza kulipima leo kwa mita yake ya kawaida: awashe mzigo wote, aweke ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya kifaa, kisha afanye vivyo hivyo upande wa hasi na kujumlisha. Katika ndege ya volti 14 upungufu unaokubalika kwa kifaa kinachofanya kazi mfululizo ni nusu volti. Ukizidi hapo, akague viungo kimoja kimoja, akibana upya kwa koleo la kazi hiyo, na vyote vikiwa imara na upungufu ungalipo, basi waya ni mwembamba kuliko kazi yake na hauna budi kubadilishwa.