Nafasi za Kazi kwa Watu Wenye Ulemavu: Hali ya Karatu na Ngorongoro

Kwa mujibu wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, inayotumika Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 kati yao wawe watu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 1982 ilidai asilimia 2 tu, tena kwa mwenye wafanyakazi 50 na kuendelea.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Karatu, mji ulio njiani kuelekea Ngorongoro, ambako kazi nyingi za mshahara hutokana na hoteli na kambi za watalii. Hoteli ya watu 40 haikuguswa na sheria ya kwanza. Sasa inadaiwa angalau mtu mmoja. Hata hivyo hesabu yenyewe ina mwanya, kwani asilimia 3 ya watu 20 haitimizi mtu mmoja. Mwajiri mwenye kutafuta kisingizio hukipata hapo hapo, ingawa binadamu hagawanyiki mafungu.

Kizuizi kingine ni mazoea. Tangazo linapotaka mtu “mwenye siha kamili” bila ya kueleza kazi yenyewe, kiziwi aliye hodari wa kupika hujiona amekwisha kukataliwa. Aidha, hoteli za ukingoni mwa kreta zimejengwa penye miteremko. Njia moja isiyo na ngazi, kutoka mapokezi hadi afisini, yatosha kumpatia karani anayetumia kiti cha magurudumu nafasi ya kufanya kazi.

Ndani ya Eneo la Hifadhi kilimo kimekatazwa, hivyo asiye na mifugo wala ajira ana njia chache. Halmashauri za wilaya Bara hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni fungu la watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Soko la kazi za mikono lipo: huko Arusha, katika karakana ya Shanga, mafundi wenye ulemavu huyeyusha chupa kuukuu wakatengeneza vyombo na mapambo, na watalii wakanunua.

Ifahamike kwamba kazi na ajira si jambo la Muungano. Waajiri wa Unguja na Pemba huongozwa na sheria za Zanzibar. Mkaazi wa Visiwani atakayeajiriwa Karatu atahesabiwa chini ya sheria ya Bara, na akipata tatizo amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya huko.